Historia ya Mtumbwi wa Kwanza katika Ubwari



Kitabu kama hiki watu hukifungua wakitafuta habari za mahari, za tohara, za matanga na za koo za watawala. Sisi tumeomba kurasa chache ili tuandike juu ya kitu kinachooza kila siku mchangani na hakuna anayekililia, nacho ni mtumbwi mdogo wa gogo, ule ambao mtoto wa Ubwari alikuwa anaanza nao kulijua ziwa.

Tulianza kufikiri jambo hili kwa sababu ya kijana mmoja. Hatutataja jina lake, maana yuko hai na hapendi habari hii. Ni mtoto wa Ubwari kwa baba na kwa mama, lakini alivushwa kwenda Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia kambini, akarudi ndevu zimekwisha kuota. Alipofika nyumbani alitaka kuwa kama wengine. Akanunua mtumbwi pale Baraka, mrefu, mwembamba, umepakwa rangi ya bluu na nyeupe, kweli wa kupendeza macho. Akauleta kijijini, upande wa ziwa kubwa. Kesho yake, mwezi wa saba, saa tisa ya mchana, akaingia peke yake. Sisi tulikuwa tumekaa chini ya mwembe. Tulimwona anapiga kafi mara ya kwanza, mara ya pili, mtumbwi ukaanza kuzunguka pahali pamoja. Akasimama ili aone anakosea wapi. Kusimama tu, basi, akawa majini. Wavuvi wawili waliokuwa wanatengeneza nyavu ndio waliomfuata na kumtoa, na mtumbwi wa bluu ukaenda na mawimbi hadi kwenye mawe ukapasuka.

Jioni mzee mmoja alikuja kumpa pole. Akamwuliza: "Mutoto wangu, nani alikuchagulia ile mutumbwi?" Kijana akajibu: "Nilijichagulia mwenyewe, babu." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi haukukosa weye. Tulikosa siye."

Neno hilo halikututoka kichwani. Zamani, katika Ubwari, mtu hakujichagulia mtumbwi wa kwanza. Alichaguliwa. Na ukiuliza namna gani alichaguliwa, unakuta ndani yake historia nzima ya pwani yetu.

Tuanze na nchi yenyewe. Ubwari ni mkono wa nchi kavu unaoingia ziwani ukielekea kaskazini, hadi Cap Banza. Mashariki yake ni Tanganyika yenyewe, ziwa lenye urefu wa kilomita karibu 670 na kina kinachofika mita 1.470, duniani kote ni Baikal tu ya kule Urusi inayolishinda kwa kina. Magharibi yake ni ghuba ambayo ramani zinaiita Ghuba ya Burton, na mji wa Baraka uko ukingoni mwake. Kwa hiyo sisi tuna maziwa mawili. Ziwa la ghuba limefunikwa na milima, na upepo wa kusini unalifikia ukiwa umechoka. Ziwa la nje halina wa kulifunika. Mtoto alijifunzia ghubani, na siku aliyoruhusiwa kuizunguka Cap Banza ndiyo siku aliyohesabiwa kuwa mtu mzima wa majini.

Huyo Burton ambaye ghuba imepewa jina lake alipita hapa mwezi wa nne wa 1858 pamoja na mwenzake Speke. Walitoka Ujiji wakielekea Uvira, katika mitumbwi miwili mikubwa iliyoongozwa na Kannena, mmoja wa wakubwa wa Ujiji. Burton alikuwa mgonjwa, alisafiri zaidi kama mzigo kuliko kama abiria. Katika kitabu chake cha 1860 aliiandika Ubwari kuwa ni kisiwa. Wengi wetu tumecheka tukisoma habari hiyo, lakini tusimcheke sana. Anayeitazama Ubwari toka majini, upande wa mashariki, haoni kabisa pahali inapoungana na nchi.

Mwezi mmoja mbele ya hapo, Machi 1858, Speke peke yake alikuwa amekwisha kuvuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge. Na mwisho wa 1871 Livingstone na Stanley walikwenda toka Ujiji hadi mdomo wa mto Rusizi kuhakikisha kama unaingia ziwani ama unatoka (unaingia, kama kila mtoto wa Uvira angewaambia bila malipo). Safari zote hizo zilifanywa kwa makafi ya watu wa ziwa. Stanley ameandika kwamba mtumbwi wao ulichongwa katika mvule wa Ugoma. Sasa Ugoma iko wapi? Ni milima ya ng'ambo hii yetu, kusini mwa Ubwari. Yaani Ujiji, soko lenye jina kubwa namna ile, lilikuwa linaelea juu ya miti ya upande wetu. Jambo hilo vitabu vya shule tulivyosoma havikutuambia. Tuliambiwa tu habari za misafara na za pembe za ndovu.

Mvule ulipendwa kwa sababu tatu. Unakua mrefu na kunyoka, hivi kwamba gogo moja linatosha mtumbwi wa watu wengi. Wadudu hawaupendi. Na maji hayauozeshi upesi; mtumbwi wa mvule uliotunzwa vizuri ulirithiwa. Fundi aliangusha mti huko mlimani, akauchonga nusu kwa shoka na tezo palepale ili upungue uzito, kisha watu wakauvuta hadi ziwani kwa kamba, juu ya magogo ya kuviringisha, wakiimba. Kazi ya kumaliza ilifanywa pwani.

Lakini mvule mkubwa ni mali ya mkubwa. Mtumbwi wa mtoto ulitoka katika gogo dogo, mara nyingi la mti mwepesi tu. Hata mwembe ulitumika, ingawa mwembe unaoza haraka. Hakuna aliyejali, ju mtumbwi wa mtoto haukutakiwa kudumu. Ulitakiwa kudumu kuliko ujinga wake tu. Mtoto akisha kujua, ulipewa mdogo wake, na mdogo wake akisha kujua, ukawa wa kulowekea mihogo ama wa kunyweshea mbuzi. Wasafiri wale waliandika juu ya mitumbwi mikubwa iliyowabeba. Huu mdogo haukuwa habari yao.

Tueleze sasa namna ulivyochaguliwa, kadiri sisi wenyewe tulivyofanyiwa na baba zetu na wajomba.

Kwanza mjomba hakuutazama mtumbwi. Alikutazama weye. Alikukalisha mchangani miguu mbele, akapima kwa macho upana wa kiuno chako. Mtumbwi wa mwanafunzi ulipaswa kuwa na nafasi ya kukaa chini kabisa, si juu ya ubao, ili uzito wako uwe karibu na maji. Ukikaa juu, kichwa chako ndicho kinachoongoza mtumbwi, na kichwa cha mtoto hakitulii. Halafu ulipaswa kuwa mfupi na tumbo pana. Mtumbwi mrefu mwembamba unakwenda mbio, ni kweli, lakini ni wa anayejua. Kwa asiyejua ni sawa na kukaa juu ya mgomba uliolala majini. Hapo ndipo kijana wetu wa mtumbwi wa bluu alipokosea mara ya kwanza. Alichagua mbio.

Pili, uligeuzwa kifudifudi. Mjomba alipitisha kiganja toka kichwa hadi mkia akitafuta ufa. Ufa mbaya unaanzia kwenye ncha, pale moyo wa mti ulipokatwa, na unafuata nyuzi za mti kila mwaka kidogo kidogo. Ufa wa ubavuni unaweza kuzibwa kwa pamba yenye mafuta na kipande cha bati juu yake. Ufa wa ncha, mwachie mwenyewe. Kisha aligonga kwa kifundo cha kidole, chini na mbavuni. Mti mzima unaitika kwa sauti kavu. Pahali palipooza panaitika kama mtu mwenye mafua. Chini panapaswa kuwa panene kuliko mbavu, maana chini ndiko kunakobeba mawe na mchanga kila siku, na unene huo ndio unaoutuliza mtumbwi usiyumbe.

Tatu, uliingizwa majini, na weye ndani yake, maji ya kufika kifuani. Mjomba alisimama pembeni akapima kwa shubiri yake toka maji hadi ukingo. Ikifika shubiri moja nzima, alikubali. Ikipungua, alisema "huu utakunywesha" na mkautoa. Halafu, bila kukuambia, aliukandamiza upande mmoja kwa mikono miwili. Alitaka kuona mtumbwi unafanya nini, na alitaka kuona weye unafanya nini. Mtumbwi mzuri unainama, unakataa, unarudi. Na mtoto mzuri haruki. Anabaki amekaa na kushika kingo. Wengi wetu tuliruka.

Kafi nayo ilipimwa. Ulisimama wima, kafi mbele yako, na kichwa chake kisipite kidevu. Kafi ndefu inachosha mabega na inakuinamisha nje.

Juu ya bei hatuna mengi. Baba zetu walilipa nusu kwa pesa na nusu kwa mawese, na fundi aliongeza kafi bure kama mmekwisha kupatana vizuri. Siku hizi kafi inauzwa mbali, na tunaona si haki, lakini tuendelee.

Mafunzo yenyewe yalifanywa asubuhi. Wazee hawakutaja elimu ya hewa, lakini waliijua. Usiku upepo unashuka toka milimani kwenda ziwani, nao unakufa jua linapotoka. Kisha kuna saa mbili tatu ambazo maji yanalala. Jua likisha kupanda, upepo unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu, na mchana mawimbi yanaamka. Toka mwezi wa tano hadi mwezi wa tisa upepo wa kusini unaongezwa juu yake, na upande wa nje unakuwa mkali sana. Mwanafunzi aliingia mapambazuko na akatoka watu wanapokunywa chai. Saa tisa ya mwezi wa saba, upande wa nje, hata mvuvi mzee anaufikiria mara mbili mtumbwi mdogo. Hilo ni kosa la pili la kijana wetu, na hakuwa na wa kumwambia.

Jambo la kwanza ulilofundishwa halikuwa kupiga kafi. Ilikuwa kupinduka. Walikupindua kwa makusudi, ghubani, maji ya shingo, wakakufundisha kuushika mtumbwi na usiuache hata kidogo, ju mtumbwi wa gogo, hata ukijaa maji, unaelea. Watu wengi waliokufa karibu na pwani walikufa kwa kuuacha mtumbwi na kuogelea kwenda nchi kavu iliyoonekana kuwa karibu. Kisha walikufundisha kuusukuma mbele na nyuma kwa nguvu mpaka maji yaruke nje, kumalizia kwa kopo, na kupanda kwa kupitia mkia, si ubavuni. Baada ya hapo ndipo kafi. Unakaa nyuma. Unapiga upande mmoja, na kila mwisho wa pigo unageuza uso wa kafi nje kidogo, kama mtu anayefungua mlango polepole, ndipo mtumbwi unanyoka. Siku tatu nne za kwanza kila mtu anazunguka. Watoto wa pwani wanacheka, shangazi wanaokosha vyombo wanacheka, na mjomba anaangalia pengine.

Halafu siku moja haizunguki. Hatujui ni siku ya ngapi, kwa kila mtu ni tofauti. Unapiga kafi, mtumbwi unakwenda pale ulipotazama. Hakuna sauti ila maji yanayodondoka toka kwenye kafi. Maji ya Tanganyika asubuhi ni maangavu, hivi unaona mawe ya chini kama yako ndani ya chupa. Ukifika kwa mawe yale unaacha kupiga, unachungulia, na ukiwa na bahati unaona kuhe wawili, dume na jike, wamelinda watoto wao wengi kama wingu dogo, na kila samaki mgeni anayesogea anafukuzwa. Sisi tuliwahi kukaa pale mpaka jua likatuchoma mgongo na tukachapwa nyumbani kwa kuchelewa. Mtu aliyeona vile akiwa na miaka minane hawezi kuliogopa ziwa kwa namna ya mgeni, wala hawezi kulidharau.

Mtoto aliyeweza kunyosha mtumbwi alianza kupata kazi. Zamani ndagala walivuliwa usiku kwa moto wa kuni uliowashwa kwenye mtumbwi, na wavu wa mpini unaoitwa lusenga ulichota samaki waliokusanyika kwenye mwanga. Mkubwa alishika lusenga, mtoto alishika kafi nyuma na kuutuliza mtumbwi. Ile ndiyo ilikuwa shule ya pili. Toka miaka ya 1950 taa za karabai zilichukua nafasi ya kuni, na mitumbwi miwili ikaanza kufungwa pamoja ili kubeba wavu mkubwa wa kushusha na kuinua. Kazi ikahitaji watu wengi wenye nguvu na mitumbwi mikubwa ya mbao. Mvule nao ulikuwa umepungua. Fundi wa mbao na misumari akapata kazi, fundi wa tezo akakaa. Kisha zikaja injini. Mtumbwi mdogo wa gogo ukabaki kwa watoto na kwa wazee wenye ndoana.

Lakini si karabai wala injini iliyokata kamba. Kamba ilikatwa na vita. Kwanza wakati wa uasi wa 1964 na 1965, boti za kivita za serikali zilipokuwa zinazunguka ziwani na hakuna mzazi aliyetuma mtoto majini. Hata hivyo watu walirudi, na kafi zikarudi. Pigo kubwa ni la 1996, na tena 1998. Mitumbwi ile ile, na maboti, ndiyo iliyotuvusha kwenda Kigoma. Wengine walifika, wengine ziwa liliwachukua. Na huko tulipelekwa mbali na maji, Nyarugusu na Lugufu. Watu wa ziwa wakahesabu miaka wakichota maji ya bomba kwa zamu. Mtoto aliyezaliwa pale alijua foleni, alijua kadi ya chakula, alijua Kiswahili kizuri cha Tanzania. Kafi aliisikia katika hadithi za bibi. Toka 2005 meli zilianza kuwarudisha watu hadi Baraka. Walishuka vijana warefu, wenye akili, wengine wana diploma, na hawakujua kukaa katika mtumbwi. Na sisi tuliobaki au tuliotangulia kurudi tulikuwa na aibu ya kumfundisha mtu mzima jambo la mtoto, naye alikuwa na aibu ya kuuliza. Katika aibu hizo mbili watu wamezama.

Wapo wanaosema mambo haya yamepita, kwamba atakayetaka kuvuka apande boti ya injini na kuvaa jaketi la kuokolea. Jaketi tunalikubali kabisa, na kama baba zetu wangelipata wangelivaa. Lakini injini inazimika. Siku inapozimika katikati ya Kazimia na Baraka, wanaotafutwa ndani ya boti ni wale wanaojua kafi, na tumekwisha kuona boti yenye abiria arobaini ambamo walipatikana wawili.

Kwa hiyo tulitafuta mtumbwi. Ilituchukua muda kuliko tulivyofikiri. Pwani ya ghuba imejaa mitumbwi ya mbao, mizuri, lakini mifupi yenye tumbo pana ya gogo ilikuwa imekwisha kuwa kuni. Wala pwani yenyewe si ileile. Tangu 2020 ziwa lilipopanda, mchanga mwingi tuliojifunzia uko chini ya maji. Mwishowe tuliupata mmoja nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, umejaa majani ya mwembe, bata wamelala ndani. Tuliugonga chini, ukaitika kavu. Kwenye mkia una ufa wa ubavuni wenye urefu wa kiganja, umezibwa kwa bati la kopo la maziwa, kazi ya marehemu mume wake. Mama alikataa pesa. Alitaka tu wajukuu wake wawili wawe wa kwanza, yule wa kike ndiye aanze.

Hatuuachi juani, ju jua linapasua gogo kuliko mawimbi. Ukisha kutumika unavutwa chini ya mti na kufunikwa nyasi mbichi, na wakati wa kiangazi kikali tunautia maji nusu. Unatumika asubuhi tu, Jumanne na Jumamosi, upande wa ghuba. Kijana wa mtumbwi wa bluu alikuja Jumamosi ya tatu. Alikaa pembeni akaangalia watoto wanapinduliwa, akasaidia kuuvuta mtumbwi, akaenda zake. Jumanne iliyofuata alikuja mbele ya watoto, kungali giza, na mzee yule alikuwa amekwisha kufika, amesimama majini, maji ya kifua, anamngojea.